Kuchagua Mawano ya Mti kwa Mishale ya Jadi: Mwongozo wa Anayeanza

"Upinde wangu ni wa ratili 40, ninunue mti gani?" Ratili hizo ni nguvu inayohitajika kuuvuta upinde. Swali hili haliishi, na karibu kila mara linaanzia pabaya. Aina ya mti ni jambo la kuamua baadaye. Wano (ule mti wa mshale kabla ya kutiwa kigumba, yaani ncha ya mbele, na manyoya) la msonobari wa kawaida, lenye nyuzi zilizonyooka na ukakamavu unaoendana na upinde wako, litakupigia vizuri kuliko wano la mwerezi wa bei kubwa lililookotwa kwa kubahatisha.

Kuna neno moja tu la kulielewa kabla ya kuanza, nalo ni ukakamavu: kiasi ambacho wano hukataa kupinda. Ugwe (kamba ya upinde) unaposukuma mshale, wano hupinda na kuuzunguka mpini wa upinde, kisha hurudi na kupinda upande wa pili. Likiwa kakamavu mno halizunguki, hugonga mpini na kwenda pembeni. Likiwa laini mno hupinda kupita kiasi na kwenda upande mwingine, na katika upinde wenye nguvu linaweza kuvunjika mkononi mwako.

Kwa sababu hiyo hiyo, mishale ya mti haipigwi kamwe kwa upinde wa kapi, ule wenye magurudumu kwenye ncha. Msukumo wake ni mkali kuliko mti unavyoweza kuvumilia.

Vitu vya kuwa navyo

- Mawano 18 hadi 20 kwa kila mishale 12 unayotaka. Ukinunua fimbo za mviringo za useremala badala ya mawano yaliyotengenezwa kwa kazi hii, chukua 40, na usishangae zaidi ya nusu zikikataliwa.
- Kipande cha kioo au meza iliyo bapa kweli.
- Mizani ndogo inayosoma gramu 0.1.
- Mizani ya kuning'iniza, ya kupimia nguvu ya upinde.
- Kalipa ya kupimia unene.
- Ubao wenye urefu wa angalau sentimita 80, misumari miwili, rula ya milimita na chupa ya maji ya lita moja. Hivi ndivyo vitakuwa kipimo chako cha ukakamavu.
- Penseli laini, msasa namba 220 na 320.

Msumeno uache kabatini kwanza. Wano likishakatwa likawa fupi kuliko inchi 26, halipimiki tena kwa kipimo cha kawaida.

Hatua ya 1: Pata namba zako mwenyewe

Namba iliyoandikwa kwenye upinde, tuseme 40 kwa inchi 28, ni ya mtu anayevuta inchi 28. Huenda wewe si huyo. Vuta upinde ukiwa na mshale mrefu hadi pale unapotulizia mkono siku zote, mwenzako aweke alama ya penseli pale mshale unapokutana na uso wa mbele wa upinde. Pima kutoka ndani ya pengo la ugwe (ule mkato wa nyuma ya mshale unaopokea ugwe) hadi kwenye alama. Huo ndio mvuto wako.

Sasa ning'iniza upinde kwenye mizani, uvute hadi urefu huo huo na usome ratili. Kama huna mizani, kadiria kwamba nguvu hupungua ratili 2 hadi 3 kwa kila inchi unayopungukiwa chini ya 28. Makadirio haya yanatosha kuanzia, ila mizani ni bora mara kumi.

Urefu wa mshale wako ni mvuto kuongeza inchi 1, ukipimwa kutoka ndani ya pengo hadi nyuma ya kigumba.

Hatua ya 2: Kokotoa ukakamavu unaouhitaji

Anza na ratili ulizosoma kwenye mizani, kisha rekebisha:

- Kwa kila inchi ambayo mshale unazidi 28, ongeza ratili 5. Kwa kila inchi unayopungua, toa 5.
- Kigumba cha gramu 8 ndicho msingi. Kwa kila gramu 1.6 zaidi, ongeza ratili 3 hadi 5.
- Ugwe wa nyuzi za kisasa zisizonyumbuka: ongeza 5.
- Upinde uliochongwa dirisha (mkato wa kupitishia mshale) hadi katikati ya mpini: ongeza 5, na wakati mwingine 10.
- Upinde wa mti mtupu usio na dirisha, ambapo mshale unapita ubavuni mwa mpini: toa 5 hadi 10.

Chukua mfano wa upinde ulioandikwa 40, mvutaji wa inchi 27, mizani inasoma 37. Mshale wake ni inchi 28, kwa hiyo urefu haubadilishi kitu. Kigumba ni gramu 8. Kama upinde una dirisha la kufika katikati, jibu ni 42, basi atafute mawano ya kundi la 40–45, yaani yenye ukakamavu wa ratili 40 hadi 45. Kama ni upinde wa mti mtupu, jibu ni 32, atafute kundi la 30–35. Upinde ule ule kwenye karatasi, mawano tofauti kabisa. Ndiyo maana jibu la "upinde wa 40 unataka mawano ya 40" limeharibia watu wengi fedha.

Hatua ya 3: Chagua unene

Vipimo vya kawaida ni vitatu: inchi 5/16 (milimita 7.9), 11/32 (8.7) na 23/64 (9.1). Kwa pinde nyepesi hadi ratili 45 hivi, 5/16 inatosha na mshale unakuwa mwepesi. Kuanzia hapo hadi 65 tumia 11/32. Zaidi ya hapo nenda 23/64. Mipaka hii si amri, kwani mti mzito na mgumu hufikia ukakamavu mkubwa ukiwa mwembamba.

Hakikisha unanunua vigumba na vishikizo vya ugwe (vile vya nyuma ya mshale vyenye pengo) vya kipimo kile kile. Kigumba cha 11/32 juu ya wano la 5/16 huacha ukingo, na ukingo huo hunasa kwenye shabaha unapouchomoa mshale.

Hatua ya 4: Mti wenyewe

Mwerezi wa Port Orford, unaotoka pwani ya Oregon na kaskazini mwa California, ndio uliojijengea jina: mwepesi, hunyooka kirahisi, na una harufu nzuri ukivunjika. Sprusi ya Sitka ina nguvu sana kwa uzito wake. Daglasi (Pseudotsuga menziesii) ni nzito kidogo na ngumu, inafaa pinde zenye nguvu, ila hukaidi kunyooshwa. Msonobari ni rahisi kupatikana na hauna aibu yoyote. Ramini, ambayo zamani iliuzwa sana kama fimbo za useremala, ni nzito lakini hustahimili kugonga. Mpopla nao usiudharau: mishale mingi iliyopatikana ndani ya Mary Rose, meli ya kivita ya Uingereza iliyozama mwaka 1545, ilikuwa ya mti huo.

Mianzi na machipukizi yaliyonyooka yana utaratibu wake. Upimaji wa ukakamavu na uzito ni ule ule, lakini upande mkakamavu unautafuta kwa kipimo badala ya kuusoma kwenye nyuzi, na upande mnene unakaa mbele.

Hatua ya 5: Soma nyuzi

Hapa ndipo uchaguzi wenyewe ulipo. Usiharakishe, na fanya kazi hii kwenye mwanga unaotoka ubavuni.

Tazama kwanza kichwa cha wano, pale lilipokatwa. Utaona mistari ya ukuaji ikipita sambamba kutoka ukingo hadi ukingo. Katika miti laini kama mwerezi na msonobari, tafuta mistari 5 au zaidi ndani ya unene wa wano. Mistari miwili mipana maana yake mti ulikua haraka, na mawano ya namna hiyo hutofautiana ukakamavu vibaya.

Sasa lizungushe polepole kati ya vidole ukitazama ubavu wake. Pande mbili zinazokabiliana zitaonyesha mistari myembamba iliyonyooka ikikimbia kwa urefu. Huu ni upande wa kingo. Pande mbili nyingine zitaonyesha michoro mipana yenye ncha kama mikuki, mmoja ndani ya mwingine. Huu ni upande wa bapa. Kila ncha ya mkuki ni mahali ambapo nyuzi zimetoka nje ya wano badala ya kuendelea hadi mwisho.

Fuata mstari mmoja kwenye upande wa kingo kwa kucha. Wano bora mstari huo unakwenda kutoka mwisho hadi mwisho. Ukikuta umetoka nje mara moja au mbili kwa urefu wote, na kwa mteremko mrefu, wano linafaa. Ukitoka nje ndani ya sentimita 10 au chini yake, litupe. Hapo nyuzi zinakata wano kwa mshazari, na siku moja litapasuka kwenye mshazari huo.

Kataa pia, bila kujadiliana na nafsi yako:

- Fundo lolote, hata dogo kama kichwa cha pini, likiwa katika inchi 10 za mbele au za nyuma.
- Mstari mwembamba unaokatiza nyuzi kwa upana. Hiyo ni mvunjiko wa ndani wa mti uliobanwa ungali umesimama au ulipoangushwa, na wano la hivyo huvunjika bila onyo.
- Mfuko wa utomvu, doa la ukungu, tundu la mdudu.

Kosa la kawaida: kuchagua kwa rangi. Wano jeupe safi lenye nyuzi zinazotoka nje ni baya kuliko lenye rangi ya mawingu na nyuzi zilizonyooka.

Hatua ya 6: Unyoofu

Liviringishe juu ya kioo na utazame mwanga unaopenya chini yake. Mpindo mmoja mrefu unaoacha upenyo wa milimita 3 au pungufu haukupi shida: liegemeze wano kwenye kiganja, bonyeza kwenye mgongo wa mpindo kwa kitako cha mkono, shikilia kidogo, achia, viringisha tena. Likikaidi, lipashe moto juu ya mvuke au jiko hadi liwe la moto kushika lakini lisibadilike rangi, kisha libonyeze na ulishikilie hadi lipoe.

Mpindo mkali wa mahali pamoja, hasa karibu na fundo, ni hadithi nyingine. Utaunyoosha leo na kesho umerudi. Vivyo hivyo wano lililopinda kama herufi S. Weka kando.

Hatua ya 7: Ukavu

Pima wano moja uzito, liache ndani ya nyumba siku tatu, lipime tena. Likipungua, bado lina maji, na ukakamavu utakaoupima leo hautakuwa wa mwezi ujao. Yalaze mawano bapa, yasiegemezwe ukutani, hadi uzito usimame.

Hatua ya 8: Pima ukakamavu

Pigilia misumari miwili kwenye ubao, sentimita 66 (inchi 26) katikati ya mmoja na mwingine, ikiwa usawa kabisa. Simamisha rula nyuma ya katikati. Tia maji kwenye chupa hadi jumla ya chupa, maji na kamba yake ifike gramu 907, ambazo ni ratili 2.

1. Laza wano juu ya misumari. Geuza hadi upande wa kingo utazame juu, yaani mistari kwenye kichwa cha wano isimame wima.
2. Soma mahali pa wano kwenye rula, jicho likiwa usawa wa wano.
3. Ning'iniza chupa katikati. Isibembee.
4. Soma tena. Tofauti ya namba hizo mbili ni mshuko.
5. Gawa 660 kwa mshuko wa milimita. Jibu ni ukakamavu kwa ratili.

Kwa kukagua haraka: mshuko wa milimita 22 ni ratili 30, 18.9 ni 35, 16.5 ni 40, 14.7 ni 45, 13.2 ni 50; 12 ni 55; 11 ni 60.

Angalia jinsi namba zinavyosongamana: kati ya 45 na 50 kuna milimita 1.5 tu. Kusoma kwa jicho la haraka kutakupotosha kundi zima. Fundi mwenye subira huongeza mkono mwepesi wa mti wenye ekseli karibu na upande unaogusa wano, upande wa pili ukiwa mrefu mara 5, ili milimita moja ionekane kama tano kwenye rula.

Andika namba kwa penseli kwenye kila wano. Pima kila moja mara mbili, ukiligeuza nusu mzunguko mara ya pili. Namba zikitofautiana sana kati ya pande hizo mbili, huenda wano lina kasoro uliyoipita kwenye hatua ya 5.

Kosa la kawaida: kupima upande wa bapa. Utapata namba ndogo zaidi, kisha utashangaa mishale inavyojifanya kakamavu ikipigwa.

Hatua ya 9: Uzito na seti

Pima kila wano na uandike gramu kando ya ratili. Sasa yapange mezani: kwanza kwa ukakamavu, yasipishane zaidi ya ratili 5, kisha ndani ya kundi hilo yapange kwa uzito. Seti nzuri haipishani zaidi ya gramu 0.65. Kwa anayeanza, gramu 1.3 inavumilika, na hutaona tofauti hadi upige mbali.

Kuna pia sakafu ya uzito. Mshale mzima, pamoja na kigumba na manyoya, usipungue gramu 0.52 kwa kila ratili ya upinde kwenye mvuto wako. Kwa yule mvutaji wa ratili 37 ni gramu 19.2. Mishale ya mti huvuka hapo bila taabu; tatizo huja kwa wano jembamba la mwerezi kwenye upinde wenye nguvu. Mshale mwepesi mno huacha nguvu nyingi kwenye viungo vya upinde wenyewe, na upinde ndio unaoumia.

Hatua ya 10: Weka alama ya mwelekeo

Upande wa kingo ndio unaogusa upinde. Maana yake pengo la ugwe linakata mistari ya kichwa cha wano kwa msalaba, halifuatani nayo. Upande wa bapa, wenye ile mikuki, unabaki juu na chini.

Sasa chagua upande upi wa bapa uwe juu: ule ambao ncha za mikuki zinaelekea mbele, kwenye kigumba. Wano likivunjika wakati wa kupiga, kipande cha nyuma kitateleza kupanda juu badala ya kushuka kwenye mkono ulioshika upinde. Chora mshale mdogo wa penseli juu yake ili usisahau wakati wa kuchonga.

Kabla ya kuliweka kwenye seti, lishike miisho miwili mbali na uso na ulipinde taratibu hadi tumbo lishuke sentimita 4 hivi, ukiligeuza robo mzunguko kila mara. Ukisikia mlio wowote, hata mdogo, livunje kabisa na ulitupe ili lisirudi kwenye podo kwa bahati mbaya. Fanya hivyo hivyo kwa kila mshale uliogonga kitu kigumu.

Hatua ya 11: Jaribu kabla ya kukata yote

Tengeneza mishale mitatu: mmoja wa kundi ulilokokotoa, mmoja wa ratili 5 juu, mmoja wa 5 chini. Itie vigumba lakini usiitie manyoya. Piga kutoka mita 8 hadi 10 kwenye shabaha laini, mara kadhaa kila mmoja. Kwa anayevuta kwa mkono wa kulia, mshale unaokwenda kushoto ni kakamavu mno, unaokwenda kulia ni laini mno. Anayevuta kwa kushoto ageuze. Ukiona mmoja unakwenda sawa, hilo ndilo kundi lako, hata kama hesabu ilisema vingine.

Mambo yakienda mrama

*Seti nzima inakwenda kushoto na unasikia mgongano kwenye mpini.* Mawano ni kakamavu. Weka kigumba kizito zaidi kwanza. Isipotosha, piga msasa katikati ya wano kwa usawa pande zote. Nenda polepole: kwenye wano la 8.7, kupunguza unene milimita 0.1 kwa urefu wote huondoa karibu ratili 2 kati ya 45.

*Seti nzima inakwenda kulia.* Ni laini. Kata nusu inchi mbele kama mvuto wako unaruhusu, au tumia kigumba chepesi. Ukakamavu hauongezeki kwa msasa, na vanishi huongeza kidogo mno.

*Mshale mmoja tu unaasi.* Angalia pengo la ugwe kwanza, maana mara nyingi limekatwa kombo au upande usio wake. Kisha viringisha kwenye kioo.

*Mishale inavunjika nyuma tu ya kigumba.* Kama mivunjiko ni ya mshazari mrefu, nyuzi zilikuwa zinatoka nje, rudi hatua ya 5. Kama imekatika wima, wano halikukaa hadi ndani ya kigumba na uzito wote uliangukia ukingo mmoja.

*Pengo la ugwe linapasuka.* Limefuata mistari ya ukuaji badala ya kuikata. Mshale huo usiufunge uzi ukaendelea kuutumia.

*Mipindo inarudi kila msimu wa mvua.* Wano linanywa unyevu. Ukimaliza kunyoosha, piga vanishi tabaka 2 au 3 ukipitisha msasa 320 katikati, na usisahau ndani ya pengo na chini ya kigumba kabla ya kukigandisha, kwa sababu maji huingilia kwenye kichwa cha wano kuliko ubavuni.